Barua kwa Mzee wa Omo: Mbona mimi simwoni nyangumi?

Wasomaji wapya waniwie radhi kwa jina hili. Miaka 18 nilisimama omo, yaani mbele kabisa, kwenye boti za kupeleka watu kutazama nyangumi, kazi yangu ikiwa kuona kabla ya wengine na kunyoosha mkono. Siku hizi magoti hayataki tena, najibu barua.

*Shikamoo Mzee. Nimepanda boti mara mbili kwenda kutazama nyangumi na mara zote mbili nimerudi na picha za maji. Mara ya pili wenzangu walipiga kelele, nikageuka, nikakuta povu tu. Nina kasoro ya macho?* — Mpiga Picha za Maji

Marahaba. Macho yako ni mazima. Ninavyokudhania, ulikaa ukimngoja nyangumi aruke mzima mzima kama kwenye kalenda, na yote yanayotangulia yakakupita. Sisi wa omo hatukuwa tukitafuta mgongo wala mkia. Tulitafuta moshi.

Huo moshi ni pumzi yake. Watu husema nyangumi anarusha maji. Sivyo, ni hewa ya moto ya mapafuni inayotoka kwa nguvu na kugeuka mvuke, ikichanganyika na ute na matone ya bahari. Nyangumi mwenye nundu, huyu anayeonekana sana karibu na pwani, hutoa moshi mfupi mnene kama kichaka, mita 3 hivi kwenda juu. Nyangumi wa buluu husimamisha nguzo inayoweza kufika mita 9. Yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba, anayezamia ngisi vilindini, ana tundu moja la pua lililo upande wa kushoto, kwenye ncha ya kichwa, kwa hiyo moshi wake unalala mbele na kushoto. Ukishaujua huo, unamtambua kabla hujaona kipande cha ngozi. Lakini moshi hudumu sekunde chache tu, kisha upepo unauchukua. Tembeza macho polepole kwenye mstari wa upeo, usiyakaze mahali pamoja. Na ukipata hiari, toka asubuhi kabla upepo haujaamka, maana mawimbi yakianza kuvunjika vichwa vyeupe kila povu litakudanganya.

Ukishauona, tazama saa yako. Nyangumi mwenye nundu huibuka, akapumua mara kadhaa kwa mapumziko mafupi, halafu anaukunja mgongo na kuuinua mkia juu ya maji. Abiria hushangilia hapo, na mimi nilikuwa napiga nao makofi, lakini mkia ukiinuka hivyo maana yake anashuka chini, na huenda usimwone kwa dakika 5, 10 au hata 15. Huko nyuma ataacha duara la maji laini, kama mtu kamwaga mafuta baharini. Hilo ni pigo la mkia, na ni alama ya alipokuwa, si alipo. Nimeshaona boti nzima ikilikodolea macho duara hilo huku mwenyewe akiibukia upande wa pili. Dakika ya tatu watu wameshatoa simu mifukoni, na ya tisa anapumua nyuma yao. Wewe ulikuwa miongoni mwa hao, au nakosea?

Hukuniambia ulisafiri mwezi gani, na hilo nalo lina neno. Nyangumi wenye nundu wa kusini mwa dunia hula kwenye maji baridi ya Antaktika wakati wa kiangazi cha huko, kisha hupanda kwenye maji ya joto kuzaa na kutafuta wenza. Pwani za Msumbiji, Madagaska, Tanzania na Kenya huwapokea zaidi kati ya Julai na Oktoba. Wa kaskazini nao wana kalenda yao: Hawaii, kwa mfano, ni kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Ukienda Februari kwenye maji ya joto ya kusini, unabisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

Na ile kelele ya wenzako nadhani naijua. Kwenye boti nyingi mwelekeo hutajwa kwa uso wa saa, omo ikiwa juu kwenye 12. Sasa mwongoza wageni akiita “saa tatu!”, wenye kufuata tarakimu wanageuka kulia kwenye 3, na sisi tuliozoea kuhesabu saa kwa Kiswahili tunageuka kushoto, mshale unakoelekea saa tatu asubuhi. Akisema saa sita ndiyo balaa, nusu wanakimbilia omo na nusu tezi, nyuma ya boti. Niliacha mchezo huo mwaka wangu wa kwanza. Nikawa nanyoosha mkono tu, na kidole hakikuwahi kukosewa.

*Mzee, boti yetu ilimfukuza nyangumi aliyekuwa na mtoto karibu nusu saa nzima. Tulipolalamika tuliambiwa tumelipa, lazima tumwone. Hivi hakuna sheria?* — Abiria Aliyeona Haya

Zipo, zinatofautiana nchi kwa nchi, ila mita 100 ndiyo kipimo utakachokikuta mahali pengi, na kwa mama mwenye mtoto baadhi ya nchi zinataka mita 300. Namna ya kusogea nayo ina adabu yake: unamfuata kwa ubavu, kidogo nyuma, sambamba naye, kwa mwendo usiozidi wa yule nyangumi anayekwenda polepole kuliko wote. Humkati mbele, humjii kwa nyuma ya mkia, wala hupitishi boti kati ya mama na mtoto. Akija mwenyewe, unatoa gia na kutulia.

Mama huyo hali chakula, au anakula kidogo mno, muda wote akiwa kwenye maji ya joto. Anaishi kwa mafuta aliyoyabeba mwilini kutoka kwenye baridi, na humo humo anatoa maziwa ya kumkuza mtoto aliyezaliwa na urefu wa mita 4, ambaye bado hawezi kukaa chini muda mrefu bila kupumua. Kila akikimbizwa anatumia akiba isiyorudishwa mpaka afike Antaktika.

Nakiri na mimi nimo. Mwaka wangu wa pili nilinyoosha mkono kwa mama na mtoto, na nahodha, aliyekuwa na abiria wenye haraka, akaongeza moto ili akamsubiri mbele. Sikusema kitu, nilikuwa kijana na kibarua nakitaka. Mama alimsukuma mtoto upande wake wa mbali nasi, wakazama, tukakaa saa nzima na hatukuwaona tena. Nahodha mwingine niliyefanya naye kazi baadaye alikuwa anazima injini na kuwasha sigara yake. Kwake huyo nimewahi kuona nyangumi akija hadi ubavuni, akageuka ubavu, jicho moja likitutazama. Mkiona mnafukuza, semeni kwa sauti, nyote, na mkirudi nchi kavu mripoti kwa mamlaka inayosimamia bahari ya hapo.

*Je, papa potwe ni nyangumi mdogo? Tumebishana nyumbani.* — Mbishi

Ni papa, tena ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Tazama mkia: wa papa umesimama wima na unapepea kushoto na kulia, wa nyangumi na pomboo umelala na unapiga juu na chini. Papa potwe anapumua kwa matamvua, hana haja ya kuja juu kuvuta hewa, kwa hiyo ile hesabu ya dakika niliyoieleza hapo juu haimhusu. Huja juu kufuata dagaa na viumbe wadogo wanaoelea, na hapo ndipo panga za boti humkata. Karibu naye punguzeni mwendo mpaka karibu na kusimama.

*Tumbo langu halitaki bahari. Nifanyeje?* — Wa Ndoo

Kidonge kinywe kabla ya kupanda, ukishachafukwa umechelewa. Kaa katikati ya boti au karibu na tezi, chini, na macho yako yawe kwenye upeo. Usitazame darubini kwa muda mrefu, hiyo imewaangusha hata mabaharia.

*Mwanangu ana miaka minane. Anauliza: nyangumi analala vipi bila kuzama? Na je, ananuka?* — Mama Maswali

Mwambie nyangumi hapumui bila kukusudia kama yeye anavyofanya kitandani; kila pumzi anaiamua. Kwa pomboo imepimwa kwamba nusu ya ubongo hulala, nusu inakesha. Wale wenye vichwa vya mraba wamekutwa wamelala wima majini, kichwa juu, kundi zima, kama magogo yaliyosimikwa. Mwenye nundu hujilaza juu ya maji kama gogo lililolala, na ndiyo maana nahodha mwenye akili hapiti kasi mahali pa nyangumi hata kama haoni moshi.

Kuhusu harufu: ndiyo, ananuka, samaki waliooza kabisa. Akipumua upande upepo unakotokea, mwambie mtoto afunge mdomo. Na kama anavaa miwani, aisuuze kwa maji yasiyo ya chumvi hapo hapo, maana ule ute ukishakauka kwenye kioo hautoki kwa kitambaa.