Mwachieni mwafiki dakika zake

Jana alasiri nilikaa nyuma ya ukumbi wa kambi yetu ya bunge la vijana hapa Lang'ata, nikiwasikiliza waheshimiwa wapya wakijadili mswada wa basari, yaani msaada wa karo. Kufikia saa kumi nilikuwa nimeiuma kalamu hadi kifuniko kikapasuka. Wadogo zangu, nawapenda sana, lakini haya ni makosa yale yale tuliyoyafanya sisi. Nayaandika kabla hamjalala.

1. Someni Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, kabla hamjaandika kifungu chochote. Chekechea ni ya kaunti. Shule za msingi na za upili ni za serikali ya kitaifa. Jana mlimkaba Waziri wenu wa Elimu dakika 40 nzima kuhusu madarasa ya chekechea, naye akahangaika kujibu kila swali, ilhali alipaswa kuwaambia tu mmuulize gavana.

2. Hesabuni akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayohitajika ili kikao kiendelee. Katika Bunge la Taifa ni wabunge 50, Seneti 15. Hapa kambini tumeweka 20. Chai ya saa nne ikifika, tokeni kwa zamu.

3. Hoja ya nidhamu ni ya kuonyesha kanuni iliyovunjwa. Kama unataka kumjibu mwenzako, subiri zamu yako.

4. Mtoa hoja, usile dakika za mwafiki wako, yule anayesimama baada yako kuiunga mkono hoja. Hapa naomba mnivumilie.

Nilikuwa na miaka 16 nilipoleta mswada wa maji shuleni. Mwafiki wangu alikuwa kijana wa Turkana, mpole, wa maneno machache. Tulipewa dakika 15: mimi 10, yeye 5. Usiku wote nilikariri hotuba yangu. Nilijua Ibara ya 43 inatupa haki ya maji safi na salama, nikainukuu mara tatu. Dakika ya 10 ikapita, nikaendelea. Wenzangu walikuwa wakigonga meza, na mimi nikadhani meza zikigongwa kura zipo. Spika aliponikatiza zilikuwa zimebaki sekunde chache. Yule kijana akasimama, akasema, "Mheshimiwa Spika, naafiki," akaketi.

Tulishindwa kwa kura tatu. Jioni binti mmoja aliyepinga aliniambia waziwazi: "Tulikuwa tunamsubiri yeye. Wewe maji yako hutoka kwenye bomba."

Nilirudi ukumbini kuchukua daftari langu, nikakuta karatasi ya yule kijana imebaki kwenye kiti, imekunjwa mara nne. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli. Mistari ya kwanza nimeishika hadi leo: "Tunatoka saa kumi alfajiri. Mto umekauka, tunachimba mchanga. Tunarudi saa tatu. Siku ya maji dada yangu haendi shule." Chini yake alikuwa amechora njia ya kutoka nyumbani hadi mtoni, na shule ikiwa upande wa pili kabisa.

Nilimpelekea karatasi, nikamwomba msamaha. Akasema, "Haidhuru, ndugu yangu." Lakini ilidhuru. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa basi kuja kusema mambo hayo, na hakuna aliyeyasikia. Mimi ningekaa chini dakika tano tu mapema, mswada ungepita. Hilo sina shaka nalo.

5. Marekebisho yaandikwe, yafike kwa Karani kabla ya Kamati ya Bunge Lote, pale wabunge wote wanapopitia mswada kifungu kwa kifungu. Kusimama na kusema kifungu cha tatu kibadilishwe hakutoshi. Na msidhani kazi yote iko kwenye hotuba: Ibara ya 118 inataka wananchi washirikishwe, kwa hiyo nendeni mkawaulize hata wapishi wetu hapa, wana watoto wanaotafuta basari kila Januari.

Kesho saa mbili asubuhi mswada wa basari unasomwa Mara ya Pili, yaani unajadiliwa kwa jumla. Mwafiki ni yule binti wa Tana River, na ameniambia ameandika kurasa mbili. Mtoa hoja, saa yangu ya mkononi nitaiweka mezani pa Karani, ikikutazama wewe.