Mkono usio na kazi: kumchua mgonjwa wa saratani nyumbani

Mgonjwa wa saratani huguswa sana, ila karibu kila mkono unaomfikia una shida yake. Huyu anatafuta mshipa, yule anapima presha, mwingine anamgeuza ili atandike shuka. Nyumbani nako ni hivyo hivyo: tunamwogesha, tunamvalisha, tunamnywesha dawa. Nilipokuwa namuuguza baba, ambaye saratani yake ya tezi dume ilikuwa imeshafika mifupani, nilikuja kuona kuwa mtu anaweza kushikwashikwa kutwa nzima na bado akawa na hamu ya kuguswa. Ushauri wangu ni mmoja tu: kila siku mpe mgonjwa wako muda mfupi wa mkono ambao haukuja kufanya kazi.

Anzia miguuni. Baba yangu ni wa wale wazee wa kusalimiwa kwa mbali, na mtoto wa kiume kumpapasa mgongo lingekuwa jambo la ajabu. Miguu haina aibu. Nilikuwa nampaka mafuta baada ya kuoga, basi nikawa siondoi mkono haraka. Hakusema kitu. Baadaye akawa nikivuta tu kigoda, ananyoosha mguu mwenyewe.

Namna ya kufanya ni rahisi. Kata kucha, vua pete na saa, nawa mikono. Mafuta ya nazi au ya alizeti yanatosha. Zile dawa za kuchulia zinazowasha na kunukia ukoo mzima ziweke mbali, kwa sababu mtu aliye kwenye kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, anaweza kutapika kwa harufu tu, na ngozi yake huwa nyepesi kuliko unavyodhani. Mimina mafuta kiganjani, yasugue yapate joto, ndipo umguse. Weka mto chini ya mguu. Pita polepole kutoka vidoleni kuja kifundoni, kiganja chote kikiwa kimelala. Nguvu ni ile ya kumpaka mafuta mtoto mchanga, isizidi. Dakika 10 au 15 ni nyingi, na kwa aliyechoka sana hata 5 zinatosha. Kama anakunywa mofini ya maji, ile dawa ya maumivu makali, subiri kama nusu saa imwingie kwanza. Muulize, “Niendelee?” kisha mtazame uso, maana wazee wengi watakujibu “endelea” huku wamekunja uso. Siku akisema “leo niache,” mwache, na usinune.

Kwenye suala la nguvu ndipo tunapogombana na malezi yetu. Kuchua tulikokuona utotoni ni kwa kutumia misuli: mzazi anakandwa kwa maji yanayofuka mvuke, aliyeteguka anachuliwa mpaka analia, na kisichouma tunaona hakijafanya kitu. Baba mdogo, kwa nia njema kabisa, alitaka kumleta mchuaji hodari wa mtaani kwao aje amnyooshe kaka yake mgongo. Muuguzi wa tiba shufaa, yaani ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, alikataa kabla baba mdogo hajamaliza kueleza. Saratani ya tezi dume, na ya titi pia, hupenda kwenda kwenye mifupa ya mgongo, nyonga na mbavu, na mfupa ulioliwa hivyo unaweza kuvunjika kwa kubonyezwa. Kisha akatuambia jambo ambalo kila anayeuguza mgonjwa wa namna hii alijue: maumivu ya mgongo yakizidi, miguu ikalegea au kufa ganzi, au mkojo ukaanza kugoma au kutoka wenyewe, hapo hakuna kusubiri kesho. Ni hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa.

Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma, usiuchue hata kidogo. Inawezekana damu imeganda ndani, na kipande chake kikikatika kikaenda mapafuni kinaua. Ukiona michubuko isiyo na sababu au damu za pua, huenda chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka, kwa hiyo mshike mkono tu bila kusugua. Uvimbe wenyewe, mshono, kidonda na mahali penye kanula, yaani kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, ruka. Aliyetolewa titi pamoja na tezi za kwapani, mkono wa upande huo uulizie kliniki kwanza. Sehemu inayopigwa mionzi usiipake chochote mpaka wanaompiga mionzi waseme kipi kinafaa.

Kuhusu maji ya moto nitasema zaidi, maana nimeona watu wanayakimbilia. Baadhi ya dawa za kemo, kama dositakseli aliyopewa baba, huleta ganzi kwenye vidole vya miguu na mikono. Mtu wa hivyo ukimtumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto atababuka na wala hatashtuka. Pima maji kwa kiwiko chako, yawe vuguvugu. Na kila ukimpaka mafuta, angalia katikati ya vidole na chini ya kisigino, kwa kuwa yeye hawezi kukuambia kama amejikata.

Wapo waliokuwa wakija kumwona baba na kusimama mlangoni, na sikuwalaumu. Ila saratani haiambukizi kwa kugusana. Kumchua mtu kwa upole hakuisambazi. Mionzi ya mashine ya nje, ile anayolala chini yake kwa dakika chache kisha anaondoka, haibaki mwilini, kwa hiyo wajukuu wapande kitandani wakitaka. Tahadhari ya kweli ni kuvaa glavu unaposhika matapishi, mkojo au choo katika siku mbili hivi baada ya kemo, kwa sababu dawa hutokea humo.

Wajukuu nimewataja kwa makusudi. Kwetu mke wangu hawezi kumshika baba mkwe wake miguu, na sikuona haja ya kupigana na mila wakati wa ugonjwa. Lakini mjukuu ni mtani. Binti yangu alikuwa anamchua babu yake vidole vya mikono kimoja kimoja huku akimtoza ada ya soda, na kicheko cha baba nadhani kilikuwa nusu ya tiba.

Kuna watu hawaridhiki mpaka waone tarakimu. Mwaka 2004 hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, kule New York, ilichapisha matokeo ya wagonjwa 1,290 waliochuliwa, wengine kwa mguso mwepesi au miguuni tu. Kwa vipimo vya wagonjwa wenyewe, maumivu, uchovu, wasiwasi na kichefuchefu vilipungua kwa takriban nusu. Wale walikuwa wachuaji waliosomea, na nafuu ya namna hiyo haigusi saratani yenyewe, kwa hiyo asije mtu akaacha dawa. Ila kwa usiku mmoja wa kulala vizuri, mimi nilikuwa tayari kukaa kwenye kigoda.

Siku ya kliniki usitoke bila kuuliza mambo matatu: mifupa gani imeshaguswa, chembe sahani zikoje, na wapi pasishikwe. Sisi tulimwomba muuguzi atuwekee alama kwa kalamu nyekundu kwenye mchoro wa mtu, tukaubandika nyuma ya mlango wa chumba cha baba. Hata baba mdogo akawa anausoma kabla ya kukaa kitandani.