Dada kachomwa sindano isiyo yake: kabla ya kumfukuza nesi, dai maandishi

Mleta mada, pole kwa dada. Umeeleza kwamba alichomwa sindano ya mgonjwa wa kitanda cha jirani, akazidiwa, sasa ana nafuu, na hospitali imewajibu kuwa "hayo ni mambo ya kawaida". Unauliza mfanye nini ili yule nesi afukuzwe. Nitakujibu, lakini kwanza ujue anayekujibu ni nani. Mimi ni nesi mstaafu, na yaliyomkuta huyo nesi yalinikuta mimi.

Ilikuwa mwaka 1998, wodi ya wazazi, hospitali ya wilaya ambayo sitaitaja. Zamu ya usiku, niko na mhudumu mmoja tu, kina mama wamelala wawiliwawili kitandani. Wawili kati yao waliitwa Mwanahawa. Mmoja presha ilikuwa juu, ameandikiwa sindano ya kuishusha. Nikasimama katikati ya wodi, sindano mkononi, nikaita, "Mwanahawa!" Mmoja akaitika "abee". Nikamchoma. Kumbe siye.

Haukupita muda akaanza kutokwa jasho. "Sista, naona giza." Tukamnyanyua miguu, nikafungulia dripu ikimbie, mhudumu akaenda kumwamsha daktari. Kufika alfajiri mama yule alikuwa amerudi katika hali yake. Mama yake mzazi alipokuja na uji akaniuliza kulikoni, nikamwambia, "Presha ilishuka, mama, kwa wazazi hutokea." Ilishuka kweli. Sikusema nani aliishusha.

Inchaji wangu, msimamizi wa wodi, alinivuta kando akaninong'oneza, "Funika kombe mwanaharamu apite." Kwenye faili hatukuandika kitu. Nilimshukuru kwa moyo wote, kusema kweli. Nilikuwa na watoto wawili na mshahara ndio huohuo.

Miezi minne baadaye, wodi ileile, mwenzangu naye akaita jina, akaitikiwa, akachoma. Mgonjwa wake hakurudi. Kikao kilipokaa nilikuwemo, mikono mapajani, kimya. Alifukuzwa. Sikusikia mtu yeyote akiuliza kwa nini wodini tunaita jina moja. Jibu nilikuwa nalo mimi na inchaji, na tulikuwa tumelifunika.

Na msidhani haya ni ya wilayani tu. Mwaka 2007, pale MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018 hospitali ya Kenyatta, Nairobi, wakafungua kichwa cha mtu wakitafuta damu iliyoganda, haipo, kwa sababu mwenye tatizo hilo alikuwa mwingine. Hizo ni hospitali za rufaa, zenye mabingwa. Kilichopotea ni utambulisho wa mgonjwa, njiani kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji.

Dawa yake si ghali. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza karatasi ya mambo 19 ya kuhakiki kabla, wakati na baada ya upasuaji: mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, upande gani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na moja ilikuwa ya hapa kwetu, Ifakara. Matokeo yakatoka 2009: kwa hospitali zote kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa mia. Haikuhitaji mashine mpya. Ilitaka watu wasimame dakika moja na kuulizana kwa sauti, hata kama bingwa ananuna. (Na mabingwa hununa, nimewaona.)

Sasa yenu. Leo hii, kabla kumbukumbu hazijafifia, andikeni tarehe, saa, kitanda, nani alikuwa zamu, dada alijisikiaje, nani alisema nini. Kisha mpelekeeni mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, barua, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo huishia mlangoni. Ombeni wajibu kwa maandishi: alichomwa dawa gani, ilikuwa ya nani, ilimfikiaje, na wodi imebadilisha nini tangu siku hiyo. Hilo la mwisho msiliache, ndilo watakalolikwepa. Wakikaa kimya, nendeni kwa mganga mkuu wa wilaya. Nesi analalamikiwa kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga, daktari kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika. Mabaraza haya hushughulika na leseni ya mtu. Mkitaka fidia, hiyo ni ya mahakamani, tafuteni wakili.

Kuhusu kumfukuza: kama alikosea akasema palepale, mimi nisingemfukuza. Kama faili limefutwafutwa au dawa ile haikuandikwa kabisa, hapo sina utetezi, hata kama mwaka 1998 ningejitetea. Na muulizeni huyo mfawidhi usiku ule zamu ilikuwa na manesi wangapi kwa wagonjwa wangapi. Naye ana la kujibu.

Halafu mwambie dada, siku akilazwa tena akaitwa jina, asiitike "abee" akanyoosha mkono. Ataje majina yake matatu, kisha aulize, "Hii ni dawa gani, sista?"