Je, kuendelea kulia ni kukosa imani?

SWALI: Baba Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Umalila, mkoani Mbeya. Mume wangu alifariki mwezi wa kwanza baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mwezi wa tatu shamba letu la viazi liliingiwa na ukungu, na mbolea nilikuwa nimeichukua kwa mkopo wa kikundi. Alfajiri ya Pasaka tulipokwenda makaburini, kwaya iliimba, lakini mimi niliyeimba humo kwa miaka mingi sauti haikutoka. Dada mmoja tunayesali naye aliniambia kwamba Neno linasema "furahini siku zote" na "shukuruni kwa kila jambo", hivyo anayeendelea kulia miezi yote hii baada ya mazishi hajamwamini Mungu sawasawa. Je, huzuni yangu ni dhambi? Na kama si dhambi, hiyo furaha ya siku zote naipataje?

JIBU: Amina, mama. Pole sana kwa msiba, na pole kwa shamba. Nimekulia kwenye miteremko ya Uporoto kwa wazazi waliolima viazi, kwa hiyo uliposema ukungu niliyaona yale madoa meusi kwenye majani, nikakumbuka na kile kiazi kinachoonekana kizima unapokichimbua, lakini ukikibonyeza kwa kidole gumba kinabonyea na kutoa maji yenye harufu. Mama yangu mwaka mmoja alikaa juu ya tuta, jembe likiwa miguuni, tangu asubuhi mpaka jua likawa kali, na hakuna aliyethubutu kumwita.

Huzuni yako si dhambi. Yesu alijua kwamba atamfufua Lazaro muda mfupi baadaye, na bado pale kaburini Yohana 11:35 inasema, "Yesu akalia machozi." Kama machozi ya msibani yangekuwa upungufu wa imani, basi tungelazimika kusema kwamba Mwana wa Mungu alipungukiwa, jambo ambalo hakuna Mkristo anayeweza kulisema.

Mistari aliyokutajia dada yetu ni ya kweli, nami sitaki kuipunguza nguvu. Imo katika 1 Wathesalonike 5:16-18. Lakini pale Biblia yetu inaposema "shukuruni kwa kila jambo", Kigiriki alichoandika Paulo kinasema "katika" kila jambo, na tofauti hiyo kwa mtu aliyefiwa ni kubwa mno. Kushukuru kwa ajili ya jambo ni kulihesabu jambo lenyewe kuwa zawadi. Kushukuru katika jambo ni kuwa ndani yake, pengine likiwa limekufika shingoni, na kumgeukia Mungu ambaye wema wake haukuzikwa pamoja na marehemu. Hutakiwi kumwambia Mungu asante kwa kifo cha mume wako. Maandiko yanakiita kifo adui, adui wa mwisho atakayebatilishwa (1 Wakorintho 15:26), na haiwezekani Mungu yule yule anayekiita adui akutake wewe ukishangilie. Najua Waefeso 5:20 inasema "kwa mambo yote", na wapo wanaoisoma kama amri ya kuushukuru hata msiba. Mimi naisoma pamoja na sura nzima, ambayo inawaita waumini wawe watoto wa nuru na kuyakemea matendo ya giza, kwa hiyo sioni kwamba Paulo anatutaka tuyabariki yote yanayotupata bila kuyapambanua.

Sasa nije kwenye furaha yenyewe, na hapa nakuomba unisome taratibu. Nabii Habakuki aliandika mwishoni mwa karne ya 7 kabla ya Kristo, wakati Wakaldayo, yaani watu wa Babeli, walipokuwa wakiinuka na watu wa Yuda wakijua kwamba jeshi litafika na kuteketeza kila kitu. Kitabu chake hakianzi kwa furaha, kinaanza kwa malalamiko: "Ee BWANA, nilie hata lini?" Mungu hamkemei kwa swali hilo, anamjibu. Na mwishoni, katika sura ya 3, mstari wa 17, nabii anaanza kuhesabu. Mtini hauna maua. Mizabibu haina matunda. Taabu ya mzeituni imekuwa bure. Mashamba hayatoi chakula. Zizini hamna kundi, vibandani hamna ng'ombe. Angekuwa mkulima wa Umalila angetaja viazi, mahindi na pareto, na angetaja deni la mbolea. Hafichi kitu hata kimoja, wala hasemi kwamba hasara hizo ni ndogo. Ndipo linapokuja neno moja, "walakini", katika mstari wa 18: "Walakini nitamfurahia BWANA, nitamshangilia Mungu wa wokovu wangu."

Ona anayemfurahia ni nani. Hakusema atayafurahia mashamba yaliyokauka. Furaha yake ina mwenyewe, nayo imeelekezwa kwa Mungu wa wokovu, ambaye ukungu haumfikii. Ndiyo maana huzuni na furaha ya namna hiyo vinaweza kukaa katika moyo mmoja kwa saa ile ile, kama Paulo anavyojieleza yeye na wenzake katika 2 Wakorintho 6:10, "kama wenye huzuni, bali siku zote wenye furaha". Tena ona kwamba "walakini" ya Habakuki inatanguliwa na hesabu kamili. Wapendwa wengi wanamtaka mfiwa aanze na mstari wa 18 wakati wa 17 hajaruhusiwa kuusema, na naamini wanamfanyia vibaya, hata kama nia yao ni njema. Wewe, mama, sema mstari wa 17 wako. Utaje kwa majina.

Umeuliza furaha hiyo unaipataje. Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi, "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo" (4:11). Alijifunza. Hakuamka siku moja akajikuta nayo, bali alifundishwa kwa njaa na kwa shibe, na mwanafunzi huwa na siku anazokosea. Neno alilolitumia kwa hali hiyo ya kuridhika lilipendwa na wanafalsafa wa Kistoa, ambao kwao lilimaanisha mtu anayejitosheleza mwenyewe, asiyemhitaji mwingine. Paulo analichukua neno lao na kuligeuza, kwa sababu katika mstari wa 13 anaeleza kwamba anayaweza yote katika yeye amtiaye nguvu, na mara tu baada ya hapo anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki naye katika dhiki yake. Aliyekuwa radhi alipokea msaada, na alifurahi kuupokea.

Kwa hiyo usijifungie ndani ukidhani kwamba kuomba msaada kunavunja ushuhuda wako. Nenda kwa viongozi wa kikundi kabla siku ya marejesho haijafika, ueleze kwamba shamba limeharibika, uombe kuongezewa muda, na ukipenda mzee wa kanisa aende pamoja nawe. Kama usiku hupati usingizi kwa majuma mengi au chakula hakipiti, fika pia kituo cha afya, kwa maana Bwana hutumia mikono ya waganga vilevile.

Kuhusu ile alfajiri makaburini, naomba usiikumbuke kwa aibu. Desturi hiyo sisi Wamoravian tumeirithi kutoka Herrnhut, Ujerumani, ambako mwaka 1732 kundi la ndugu lilikwenda makaburini kabla ya mapambazuko ili kuimba juu ya ufufuo. Walikwenda pamoja, tangu mara ya kwanza. Ulipokuwa umesimama pale kwenye udongo wa kaburi ambao ulikuwa haujaota hata nyasi, wenzako waliimba na sehemu yako ikawa ndani ya sauti zao. Rudi kwaya. Siku sauti ikikataa, simama tu na wenzako na kitabu mkononi, na kama mtu atakuuliza, mwambie mchungaji ameruhusu.

Nakuachia Zaburi ya 13, ambayo ina mistari sita tu. Inaanza na kilio, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" na katika mstari wa 5 na wa 6 inafika kwenye furaha na wimbo. Isome kwa sauti kila jioni watoto wakishalala. Jioni utakayoishia mstari wa 2 kwa sababu ya machozi, funga Biblia, ulale, na kesho yake uanze tena mstari wa 1.