Dago si makazi holela

SWALI: Naandika ripoti kuhusu uvuvi wa pwani. Wavuvi wa Pemba niliowahoji kila mara wanasema "tulikuwa dago", "tumepiga dago". Mhariri wangu amebadilisha kote kuwa "makazi holela ya wavuvi". Yuko sawa?

JIBU: Hayuko sawa. Mwombe alirudishe neno la wenyewe.

"Makazi holela" ni lugha ya mipango miji: mtu kajenga pasipopimwa, na hana mpango wa kuhama. Mpiga dago ametoka kwao kufuata samaki, kama Wapemba wanaovuka kwenda pwani ya Kenya msimu wa kaskazi, na upepo ukigeuka atarudi. Ndiyo maana banda lake ni fito na makuti, ndani mkeka, sufuria na dumu la maji. Zaidi ya hapo ni mzigo wa bure chomboni.

"Kambi" inakaribia, ila nayo inapunguza. Kambi ni mahali tu. Dago ni mahali na ndiyo safari yenyewe. Ukibisha hodi kumuulizia mtu ukajibiwa "kaenda dago", hujaambiwa alipo. Umeambiwa usimngoje leo wala kesho. Tazama pia kwamba hapo hakuna "-ni", sawa na "kaenda safari". "Dagoni" husemwa pale pahala penyewe panapokusudiwa: "Nanga tumeisahau dagoni."

Ngeli haina tabu: dago hili, madago haya. Kitenzi chake ni kupiga.

Lipo umbo jingine, ago, lililobaki kwenye methali: "Mpiga ago hanyele, huenda akauya papo." Kuuya ni kurudi, kwa Kimvita. Hilo "hanyele" silifasiri hapa, mhariri wako atalielewa. Shika neno "papo": dago huachwa, lakini mwenyewe aweza kulirudia msimu mwingine, na aliyelichafua ni yeye atakayelala hapo.

Na ukivuka hadi Mayotte utacheka: kwa Kimaore, mtu akikwambia anakwenda dagoni, anakwenda nyumbani kwake.

Kwenye ripoti andika "dago", na mara ya kwanza ulifafanue hivi: "makao ya muda ya wavuvi walio ugenini". Baada ya hapo liache lijitegemee, bila alama za kunukuu. Ni Kiswahili, halihitaji kuombewa radhi.