Spiegel im Spiegel: ya asili ni ya violoni

Ndugu, wengi husema muziki huu, Spiegel im Spiegel (Kijerumani: kioo ndani ya kioo), uliandikwa kwa selo, ile violoni kubwa ya sauti nzito. Lakini ya asili ni violoni na piano, si selo. Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia, aliiandika mwaka 1978. Partisheni zake (karatasi za noti) hutolewa na kampuni ya Universal Edition. Toleo la selo lilikuja baadaye, ndilo wengi wanalisikia, basi wanadhani ndilo la kwanza.

Kwa mtakaoicheza parokiani hapa Bukavu: noti ni chache, kazi iko kwenye upinde. Sentensi za muziki huanza na noti mbili, kisha kila mara inaongezeka moja, na zote zinarudi kwenye noti ya “la”. Hiyo “la” msiipige kila mara kwa kamba wazi (bila kidole): inalia kali kuliko jirani zake. Tumieni kidole cha nne kwenye kamba ya “re”. Upinde wote ukiisha katikati ya noti, ugeuzeni bila kuongeza uzito, la sivyo kila geuzo litasikika kama kikohozi kanisani.

Kinanda cha umeme kinafaa, lakini kiwe na pedali ya mguu inayoshikilia sauti. Bila pedali akodi (noti zinazolia pamoja) zinakatika-katika, na violoni inabaki peke yake hewani.