Maswali ya Wasomaji: Kipande cha Povu na Wanaanga Saba wa Columbia

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba chombo cha angani Columbia kiliangamia mwaka 2003 kwa sababu ya kipande cha povu. Mimi ni fundi, na povu la kuhami joto nalishika mara kwa mara. Ukilikandamiza kwa kidole linabonyea. Kitu laini namna hiyo kiliwezaje kutoboa bawa la chombo kilichoundwa kwenda anga za juu na kurudi?

JIBU: Ndugu fundi, hata ndani ya NASA walikuwapo wahandisi wenye uzoefu mkubwa ambao swali lako liliwakwama kooni kwa miezi kadhaa baada ya ajali. Povu hilo lilifunika tangi kubwa la nje lililobeba haidrojeni na oksijeni katika hali ya kimiminika, nalo lilizuia joto lisiingie na barafu isigande juu ya tangi. Tarehe 16 Januari 2003, sekunde 82 hivi baada ya Columbia kuruka kutoka Florida, kipande chenye uzito usiofika kilo moja kilibanduka mahali ambapo sehemu ya mbele ya chombo ilishikana na tangi, kikagonga ukingo wa mbele wa bawa la kushoto.

Usiutazame uzito, tazama mwendo. Wengi hudhani kwamba, kwa kuwa povu na chombo vilikuwa vikienda pamoja, pigo lisingekuwa na nguvu. Lakini kitu chepesi kikibanduka katika upepo mkali kiasi kile hupoteza mwendo papo hapo, na chombo kinachozidi kushika kasi hukifikia kutoka nyuma. Tofauti ya mwendo kati ya viwili hivyo ilikuwa kama kilomita 800 kwa saa. Ukingo wa bawa nao ulitengenezwa kwa kaboni iliyoimarishwa, ambayo huvumilia joto la kutisha lakini haikukusudiwa kugongwa. Mwezi Julai 2003, huko San Antonio, Texas, wachunguzi walifyatua kipande cha povu kwa bunduki ya gesi na kukielekeza kwenye ukingo wa aina hiyohiyo, kikaacha tundu lenye upana wa sentimita 40 hivi. Ubishi uliishia hapo.

Bawa likiwa limetoboka, chombo kilizunguka Dunia kwa zaidi ya siku 15 bila dalili yoyote, maana huko juu hakuna hewa ya kuleta madhara. Hatari ilikuwa katika kurudi. Tarehe 1 Februari, hewa iliyogandamizwa mbele ya chombo ikapata joto kali mno (vitabu vingi husema ni msuguano, lakini sehemu kubwa ya joto hilo hutokana na mgandamizo), ikapenya kwenye tundu na kuyeyusha kiunzi cha alumini kilichokuwa ndani ya bawa. Columbia ikasambaratika juu ya Texas, ikiwa imebakiza dakika 16 hivi itue, na wanaanga wote saba wakafariki.

SWALI: Je, wanaanga waliambiwa kuhusu pigo hilo? Na kwa nini hawakwenda kujisitiri katika Kituo cha Kimataifa cha Anga?

JIBU: Waliambiwa, ila kwa maneno ya kuwatuliza. Picha za urushaji zilionyesha pigo hilo siku iliyofuata, na wahandisi wakaomba chombo kipigwe picha kikiwa angani ili bawa likaguliwe; wakuu wa safari hawakuliafiki ombi hilo. Tarehe 23 Januari, kamanda Rick Husband na rubani William McCool walipelekewa ujumbe kwamba jambo hilo lilikwisha kuonekana katika safari nyingine na halikuwa la kutia wasiwasi. Ni kweli lilikwisha kuonekana: Oktoba 2002 povu lilibanduka mahali palepale katika safari ya Atlantis, chombo kingine cha NASA cha aina hiyohiyo. Kwa maoni yangu, kosa kubwa lilikuwa hapo. Kila chombo kilichorudi salama kilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba hatari haipo, ilhali kilishuhudia tu kwamba hatari ilikosa shabaha. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Admirali Harold Gehman nayo iliuweka utamaduni wa kazi wa NASA katika uzito uleule na povu lenyewe.

Kituo cha Kimataifa kilikuwa mbali na uwezo wao. Njia yake imeinamia ikweta kwa nyuzi 51.6, ya Columbia kwa nyuzi 39, na chombo hakikuwa na mafuta ya kutosha kubadili njia kiasi hicho. Lililowezekana, angalau kwenye karatasi, ni kuiharakisha Atlantis, iliyokuwa ikiandaliwa kuruka Machi 1, iende kuwachukua. Kama wanaanga wangepunguza shughuli zao, kemikali za kunyonya hewa ya ukaa zingewatosha hadi Februari 15 hivi. Lakini kwanza mtu alipaswa kukubali kwamba bawa limetoboka.

Msomaji mwingine anashikilia kwamba chombo hiki kilisambaratika muda mfupi baada ya kuruka. Anaichanganya na Challenger, chombo kingine cha NASA, kilichoangamia hivyo tarehe 28 Januari 1986.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi. Utafiti waliokuwa wakiufanya ulipotea wote?

JIBU: La, mwanafunzi wetu. Columbia ilibeba majaribio kama 80, na wanaanga waligawanyika katika zamu mbili ili kazi isisimame usiku wala mchana. Pamoja na kamanda na rubani walikuwapo Michael Anderson, David Brown, Kalpana Chawla, Laurel Clark na Ilan Ramon, Mwisraeli wa kwanza kwenda anga za juu. Walichunguza jinsi moto unavyowaka pasipo uzito, vumbi la jangwani linavyosafiri angani, na mwili wa binadamu unavyobadilika. Sehemu kubwa ya takwimu ilikwisha kutumwa duniani kwa redio safari ikiendelea. Wiki kadhaa baada ya ajali, katika mabaki yaliyookotwa, ilionekana mikebe yenye minyoo wadogo wa utafiti, nao walikuwa hai. Ilipatikana pia diski ya kompyuta, imeungua na kuharibika, iliyokuwa na vipimo vya gesi ya zenoni. Wataalamu waliifungua, wakaisafisha, wakazitoa karibu takwimu zake zote, na matokeo ya jaribio hilo yakachapishwa mwaka 2008.